Gari la Kukodi na Maji ya Pangani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako nipate kusema na wanachama wenzangu, na hasa makarani wa hesabu, juu ya safari zetu za Pangani. Maneno yangu yatakuwa makali kidogo, wala sitaomba radhi kwayo, kwa kuwa jambo lenyewe limekaa siku nyingi likichekewa.

Desturi yetu twaijua sote. Ofisi iliyoko mjini Tanga hutakiwa kupeleka mtu wilaya ya Pangani akaangalie kisima, au shule, au daftari la kijiji, au mashamba yaliyoingiwa na chumvi. Gari la ofisi halipo, au lipo gereji halina magurudumu. Basi hukodiwa taksi ya mtu binafsi. Mtumishi huenda kituoni, hupatana na dereva bei ya "kwenda na kurudi", humbana hata senti ya mwisho, huondoka saa tatu ya asubuhi, na hata saa tano haijapiga yuko Pangani. Hutia sahihi yake katika kitabu cha wageni, hunywa chai, huenda ukingoni mwa mto akaitazama Bweni iliyoko ng'ambo, na kabla ya alasiri gari limekwisha geuzwa. Juma lifuatalo taarifa huletwa mezani, imepigwa chapa vizuri, nayo yasema: "Nilizuru wilaya ya Pangani." Ati alizuru! Huyu aliuona mtaa mmoja, na mto upande mmoja, na maji hali moja. Na kama masurufu yake yaliandikwa kwa siku tatu, hapo yako maneno mengine ambayo nitamwachia yeye na dhamiri yake.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya madereva wa taksi, kuwa ni watu wa haraka, hawatulii, kila dakika wanatazama jua na kupiga honi. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na katika vinywa vya watu wenye elimu. Mimi nakana. Dereva hana kosa hata chembe. Kosa ni letu, na chanzo chake kiko katika mambo mawili: jinsi tunavyopatana naye, na jinsi makarani wa hesabu wanavyoipokea stakabadhi yake.

Lakini kwanza yafaa tukumbushane mahali penyewe palivyo, maana asiyejua mto haujui muda wa kuuzuru.

Mto Pangani una mwendo wa kilomita 500 hivi. Maji yake hutoka katika Kilimanjaro na Meru, hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, hupita Korogwe na Hale, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha hushuka polepole hata baharini. Njiani watu wengi huyateka: wenye mashamba ya Moshi na Arusha, wenye miwa, wenye mpunga, wenye miji. Sisemi kwamba wanaiba. Nao wanataka kuishi. Walakini yaliyobaki ndiyo yanayofika kwetu chini, nayo yamepungua, hata bahari imepata nafasi ya kupanda juu ya mto kuliko zamani. Watafiti wa bonde hilo wamekwisha yaandika hayo kwa miaka mingi: chumvi yaingia mtoni, minazi ya ukingoni yafa, na kingo zenyewe zamegwa. Ofisi ya maji ya bonde hilo iko Moshi, mbali sana na mahali chumvi inapoonjwa. Kwa sababu hiyo taarifa ya mtu aliyetoka Tanga, ijapokuwa ya karani mdogo, ina uzito mkubwa kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Huenda ikawa ndiyo macho pekee ambayo wakubwa wa juu ya mto wanayo huku chini.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Chumvi ya mto haikai mahali pamoja kama jiwe la mpaka. Huingia na kutoka pamoja na bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na toka kujaa hata kupwa ni muda wa saa sita na kitu. Na kila siku saa zake huchelewa kidogo kuliko jana, kadiri ya dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Tena maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto, basi hupita chini yakifuata sakafu, na yale matamu hubaki juu yakielea. Mtu aweza kuinama katika mtumbwi akateka kwa kiganja, akanywa, akasema maji ni mazuri, na hali pima mbili chini yake ni bahari tupu. Zaidi ya hayo, mwezi wa Februari katika kiangazi cha kaskazi, mto ukiwa umenywea, si sawa na mwezi wa Mei masika yakiwa yamemiminika.

Wavuvi wayajua haya bila kufundishwa na mtu. Mama anayeteka maji mtoni hujua saa ya kuteka na saa ya kuacha ndoo ikae. Sisi tu, wenye kalamu na daftari, ndio twafika saa tano na kuondoka saa nane, tukaona nusu ya maji, tukaandika kana kwamba tumeona yote. Ikiwa saa tano siku hiyo maji yamekupwa, mto utaonekana mtamu, na kijiji kilicholalamika kitaandikwa kuwa chatia chumvi maneno yake. Ikiwa yamejaa bamvua, kila kitu kitaonekana kimeharibika, na itaandikwa kwamba hapana dawa. Taarifa mbili za wilaya moja, mwezi mmoja, zaweza kupingana kabisa, na wote wawili walioziandika wakawa wakweli. Kisha mkubwa aliyeko mbali, akiona zinapingana, huziweka zote mbili katika jalada na hafanyi neno. Anayepata hasara ni mwenye shamba.

Na hapo nimesema mambo ya mto peke yake. Wilaya yenyewe imetawanyika. Upande wa kaskazini wako watu wa Madanga na Kimang'a. Ng'ambo ya mto, ukishapita Bweni, kuna Mwera na Kipumbwi na Mkwaja, hata kufika hifadhi ya Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ng'ambo ndiko Kikogwe, mahali iliponusurika ile miche 62 ya mkonge aliyoileta Richard Hindorf mwaka 1893, ambayo kutokana nayo mkonge ulienea Tanga yote na kulipa mishahara ya makarani wengi waliotutangulia. Utajiri wa mkoa wetu ulianzia ng'ambo ya mto, na leo mtumishi wa mkoa huo huo aona uvivu kuuvuka.

Turudi kwa dereva. Ni makarani wangapi walioketi kitako wakamuuliza mwenye taksi maisha yake? Aghalabu gari si lake. Lina mwenyewe, ambaye madereva humwita tajiri, na kila jioni dereva hupeleka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, liwe gari limepata abiria au limelala. Mafuta ni juu ya dereva. Pancha mara nyingi ni juu yake. Kinachozidi baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula cha watoto wake. Basi unapomkodi kwenda Pangani na kurudi, ukambana bei hata ikabaki mafuta na hesabu ya siku moja na kitu kidogo, umemfunga kamba shingoni. Kila saa unayokaa kijijini ni saa yake ya kupata abiria wengine mjini Tanga jioni. Ukimwambia alale, unamwambia alipe hesabu ya kesho kutoka mfukoni mwake.

Mmoja wao aliniambia kwa adabu, tukiwa ukingoni tunangoja, "Mzee, mimi sikatai kungoja. Lakini nikikaa hapa mpaka maji yapwe, hesabu ya tajiri ataitoa nani?" Sikuwa na la kumpinga. Neno lake lilikuwa sahihi kuliko kanuni zote za safari nilizozisoma.

Kwa hiyo tazameni yatokeayo. Tunamkodi dereva, tukadhani sisi ndio mabwana wa safari. Walakini kwa ubahili wetu tumemfanya yeye kuwa bwana wa safari, naye hakuomba cheo hicho. Yeye ndiye anayeamua kama tutavuka ng'ambo au tutatazama kwa mbali. Yeye ndiye anayeamua kama mwenyekiti wa kijiji atasema maneno kumi au mawili. Saa ya kurudi huamuliwa na deni lake, wala haiamuliwi na kazi iliyotupeleka. Mwalimu anayetaka kutuonyesha paa la darasa hukatizwa kwa honi. Mzee aliyekwenda kuita jirani zake ili waje kusema juu ya chumvi hurudi akakuta vumbi la gari tu. Na huyo mzee, mara ya pili, hatakwenda kumwita mtu.

Sasa nawageukia makarani wa hesabu, nao wanisikilize bila kukunja uso. Nimeona kwa macho yangu, katika ofisi ambayo sitaitaja, stakabadhi ya taksi iliyoletwa ikiwa na sehemu mbili: mwendo, na siku moja ya kungoja. Mwendo ulilipwa. Siku ya kungoja ilikatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Gari lililosimama halikufanya kazi." Maneno haya yana sura ya busara, na ndiyo maana ni mabaya. Kwa kipimo hicho mganga anayekaa na mgonjwa usiku kucha hafanyi kazi, kwa kuwa hatembei. Mlinzi naye hafanyi kazi. Na karani wa hesabu mwenyewe, aliyeketi kitini toka asubuhi hata jioni, afanya kazi gani? Katika wilaya ya mto, kungoja ndiyo kazi. Gari lililosimama Pangani saa sita, likampa mtumishi nafasi ya kuona maji yakijaa na yakipwa, limefanya kazi kuliko lililokwenda na kurudi mara mbili.

Wino ule mwekundu haukuokoa fedha ya umma. Uliipoteza. Maana safari ya siku moja isiyoona kitu italazimu safari ya pili, na ya pili ikiwa ni ya haraka italazimu ya tatu. Jumlisheni wenyewe, ninyi ndio mafundi wa kujumlisha.

Najua majibu yaliyo tayari. Wa kwanza atasema: aache taksi, apande basi la abiria kama raia wengine. Mimi sikatai. Kwa mtu mmoja asiye na mzigo, anayekwenda Pangani mjini kulala siku mbili, basi ni jema, tena litamfundisha habari za wilaya kabla hajafika, kwa kuwa abiria husema. Lakini basi halitamfikisha kila kijiji, wala halitachukua masanduku ya dawa au mashine ya kupimia maji. Wa pili atasema: bodaboda zimejaa, akifika achukue bodaboda. Hilo nalo ni kweli, na kwa njia za ndani wakati wa matope pikipiki hupita mahali ambapo taksi itakwama hata ekseli. Basi na alipwe fedha ya bodaboda, iandikwe katika masurufu yake waziwazi, pasiwe na mtu wa kumwuliza kwa nini hana stakabadhi yenye muhuri kutoka kwa kijana mwenye pikipiki chini ya mwembe.

Wa tatu, na huyu ndiye wa siku hizi, atasema: kwa nini aende kabisa? Kijijini wana simu, wapige picha, watume. Ewe bwana, picha ina chumvi? Umepata kuona wapi picha iliyokuonjesha maji? Picha ya mto uliojaa chumvi na picha ya mto mtamu ni picha moja. Na yule mzee mwenye maneno ya faragha juu ya mgawo wa ardhi ya ukingoni hatayasema katika simu ya mjukuu wake, mbele ya watu, ili yasomwe na asiyemjua.

Waliofika Pangani zamani hawakuwa wote watu wa subira, na historia imetuwekea mifano ya namna zote mbili. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 hawakuishia mjini wakarudi. Walipanda mto, kisha wakaenda kwa miguu hata Fuga, kwa Kimweri mtawala wa Usambara. Mengi aliyoyaandika Burton juu ya watu wetu ni ya kiburi, nami simsifu kwa hayo; lakini njia aliipita. Mwezi wa Agosti 1888 wakaja watu wa Kampuni ya Kijerumani. Hawa walikuwa na haraka. Walitaka bendera yao ipande mara moja, hawakungoja kujua desturi za mji, wakaingia msikitini pamoja na mbwa. Yaliyofuata mnayajua: pwani nzima iliwaka, na Abushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, aliongoza vita hata akakamatwa na kunyongwa huko huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Sisemi kwamba karani mwenye taksi ni sawa na Kampuni, hasha. Nasema kwamba mji ule una kumbukumbu ndefu juu ya watu wanaokuja na shughuli yao tayari mkononi, na wenyeji wanapomwona mgeni asiyezima injini, hunyamaza kwa adabu, wakamwacha aende zake.

Tena kuna jambo la barabara. Kwa miaka mingi tulijificha nyuma ya vumbi na matope ya njia ya Tongoni na Kigombe, tukasema safari ni ngumu. Kisha serikali ikaanza kuitia lami njia hiyo ya kilomita 50 hivi, na katika miaka hii ya 2020 ukaanza ujenzi wa daraja la mita 525 la kuvuka mto kwenda Bweni, ili njia iendelee mpaka Bagamoyo. Wengi wanafurahi, nami nafurahi pamoja nao, maana mgonjwa wa ng'ambo anayengoja kivuko usiku hana furaha ya kungoja. Lakini nina hofu moja. Lami na daraja vitaifanya safari ya haraka iwe ya haraka zaidi. Zamani kivuko chenyewe kilimlazimisha mtumishi asimame ukingoni, na hapo, apende asipende, aliyaona maji, akasikia maneno ya wachuuzi na wavuvi. Juu ya daraja la mita 525 gari hupita kwa dakika moja, vioo vimefungwa. Tutaweza kuzuru Bweni na Mwera na Mkwaja kwa siku moja, na tusizuru hata kimoja.

Kwa hayo yote naleta hoja, nayo naomba ijadiliwe katika mkutano ujao wa wanachama. Mapatano ya taksi yaandikwe kabla gari halijaondoka, kwa karatasi moja yenye sahihi mbili, ya mtumishi na ya dereva, na yataje vijiji kwa majina, usiku wa kulala, nani atalipa mafuta, nani atalipa ng'ambo, na mahali dereva atakapolala na kula. Hesabu ya tajiri kwa kila siku ya kungoja ilipwe na ofisi kama sehemu ya nauli, wala isiachwe juu ya mabega ya dereva. Safari yoyote inayohusu maji ya mto isiwe chini ya usiku mmoja, na siku yake ichaguliwe kwa kutazama mwezi: moja wakati wa bamvua, na nyingine wakati wa maji mafu, ikiwezekana. Na katika taarifa, juu ya sahihi, iandikwe saa mtumishi alipofika ukingoni, na maji yalikuwa yakijaa au yakipwa. Mstari mmoja tu. Taarifa isiyo na mstari huo irudishwe kwa mwenyewe kabla haijapigwa chapa.

Najua hoja hii itaongeza gharama ya kila safari. Itapunguza idadi ya safari pia, na labda wako watakaoumia kwa kupungukiwa na masurufu ya siku ambazo hawakulala. Hao wasimame mkutanoni watuambie sababu zao wazi. Na yule aliyetia wino mwekundu namwalika kwa heshima ajibu katika toleo lijalo. Nafasi yake nimekwisha mwombea kwa Mhariri. Ila kabla hajaandika, naomba aende Pangani, kwa gari lolote alipendalo, akae ukingoni toka maji yajae hata yapwe, na dereva wake amlipe.

Wasalaam,
Mngoja Maji,
Tanga